UZI: Kantangaze hajazoea dawa. Umemchagua mwenyewe

#1 MzeeWaSolo

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la kilimo. Naanza na nyanya, lakini nina mpango wa kupita kwa mbu na kwa zebaki ya wachenjuaji wa dhahabu, na nikijaliwa nitafika Katanga.

Nina duka la pembejeo huku Ilula, Iringa, kwenye barabara ya malori ya nyanya. Juzi kaingia mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, kabeba kiroba. Hakusalimia. Akapanga chupa tatu juu ya kaunta. "Mzee, umeniuzia maji. Hii nimepiga, imegoma. Hii nayo imegoma. Hii ya tatu nimeweka vifuniko vitatu kwa solo moja ya kupulizia badala ya kimoja, wadudu wanacheza tu."

Alikuja na jani la ushahidi. Lilikuwa na mabaka meupe yaliyopindapinda. Nikaliinua kwenye mwanga wa mlango: kiwavi yumo ndani, katikati ya ngozi mbili za jani, anatafuna taratibu, nyuma yake kaacha punje nyeusi za kinyesi. Kantangaze huyo. Kwao ni Amerika ya Kusini, mwaka 2006 akaonekana Hispania, na mwaka 2014 alikuwa ameshafika nyanya za Arusha.

Nikazigeuza zile chupa. Majina matatu, rangi tatu, makampuni matatu. Chini kabisa ya kibandiko, kwa maandishi ya kusoma na miwani: 3A. 3A. 3A.

Hiyo ndiyo namba ya kundi, inayoonyesha dawa inampiga mdudu wapi. Kundi 3A ni ukoo wa pareto, yaani sumu za kiwandani zilizoigwa kwenye ua lilelile linalolimwa Mufindi na Mbeya. Mama alibadilisha chupa, sumu ikabaki ileile.

Sasa nije kwenye neno linalotuponza: KUZOEA. Kila mtu anasema "wadudu wameshaizoea hii dawa", kama mlevi anavyozoea gongo, leo kikombe, kesho chupa. Kwa kantangaze haiendi hivyo. Chukua shamba lenye viwavi elfu moja. Wawili kati yao walizaliwa tofauti kidogo na wenzao, na walikuwa hivyo kabla hujanunua hata hiyo solo. Unapiga, wanakufa 998. Unaenda nyumbani umefurahi. Wale wawili wanabaki na shamba zima, hawana mpinzani. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 200 na ushee, na kwa joto letu kizazi kinakamilika ndani ya mwezi au zaidi kidogo. Hesabu mwenyewe hadi siku ya kuvuna. Wadudu unaowaona mwezi wa tatu hawajajifunza kitu. Ni watoto wa wale wawili.

Dawa yako ilifanya kazi ya mfugaji: ilichagua mbegu.

Na jambo hili si geni. Mwaka 1914 mtaalamu wa wadudu wa Marekani, A. L. Melander, aliandika kwamba wadudu magamba wa miti ya matunda walikuwa wanapona dawa ya chokaa na kiberiti iliyokuwa ikiwaua zamani. Huo ni mwaka wa vita kuu ya kwanza. Karne nzima baadaye tunabishana kaunta kama ni maji au si maji.

Nitaendelea, kuna mteja.

#2 kijana_wa_bodaboda

Siti ya mbele. Tiririka mkuu.

#3 Mkulima Halisi

Chai hii. Dawa feki zimejaa kila kona, na ninyi wenye maduka mnatafuta pa kujifichia. Nilinunua lita nzima mwaka juzi, ilikuwa inanukia kama dawa lakini haikuua hata sisimizi.

#4 MzeeWaSolo

Mkulima Halisi, sikatai. Feki zipo, na mimi mwenyewe niliwahi kuingizwa mjini na mtu wa gari dogo, nikala hasara ya katoni mbili. Lakini jibu lako limebeba kipimo chenyewe. Dawa feki haiui KITU. Hata sisimizi, umesema mwenyewe. Usugu una sura nyingine: unapiga asubuhi, mchana unakuta nyuki wako chini na vidukari wamekauka. Yule kunguni mdogo wa kijani anayefyonza mayai ya kantangaze naye kafa. Kantangaze anaendelea na chakula. Hapo dawa ni halali kabisa, imeua kila mtu isipokuwa mwenye kesi. Na sasa umemwondolea hata adui wake.

Halafu kumbuka kiwavi yumo NDANI ya jani. Sumu nyingi za 3A hukaa juu ya jani, haziingii ndani. Kwa hiyo anakutana na dozi ndogo ndogo pembeni, ya kuwamaliza dhaifu tu.

Na kosa langu niliseme kabla hamjanifukunyua: zamani mtu akija na malalamiko, nilikuwa namwambia aongeze dozi. Nimewashauri wengi hivyo.

#5 Kata_na_Ndoo

Mleta uzi umegusa penyewe. Mimi nilifanya kibarua cha kukusanya viluwiluwi wa mbu kwa watafiti, bonde la Kilombero. Kazi yangu ilikuwa kata, ndoo na buti. Unachota kwenye majaruba ya mpunga, kwenye nyayo za ng'ombe, kwenye madimbwi ya barabarani, unapeleka wakue wawe mbu kamili. Halafu wanapimwa.

Kipimo chenyewe ni rahisi hadi unashangaa. Bomba la plastiki, ndani karatasi iliyopakwa dawa, mbu majike 25 wanaingizwa. Saa moja. Wanahamishiwa bomba safi, wanapewa pamba yenye maji ya sukari, wanasubiriwa hadi kesho yake. Ukikuta waliokufa hawafiki 90 kwa mia, hao ni sugu. Siku ya kwanza nilitegemea kukuta maiti tupu. Nikakuta wengine wamesimama kwenye pamba wanakunywa.

Hawa mbu walikuwa hawajawahi kugusa chandarua, walikuwa bado majini. Lakini mkulima anapiga mpunga au bustani, mvua inashusha dawa jarubani, na kiluwiluwi anachujwa humohumo kabla hajaota mabawa. Dawa ya chandarua ni ukoo wa pareto, dawa ya shambani ni ukoo wa pareto. Mbu anafika chumbani kwako mtihani ameshaufanya.

#6 Nesi wa Zamu

Naomba niongezee kwa #5. Pareto inapiga mishipa ya fahamu ya mdudu: kuna kama mlango wa kupitisha sodiamu, sumu inaushikilia wazi, mdudu anatetemeka hadi anaanguka. Mbu wengine wana jeni ya mlango huo iliyobadilika sehemu moja tu, nafasi ya 1014 kwenye protini. Afrika ya Magharibi mabadiliko yake ni ya aina moja, na huku kwetu ya aina nyingine yalitambuliwa mwaka 2000 kwa mbu wa Kenya. Kwa mabadiliko hayo sumu haishiki vizuri. Na kwa kuwa DDT nayo inagonga mlango huohuo, mbu aliyeponea kwa DDT anakuwa na ahueni kwa pareto pia.

Wengine mlango wao ni wa kawaida, lakini wana vimeng'enya vingi vya kuvunja sumu kabla haijafika. Hawa ndio walioleta vyandarua vyenye kiambato cha PBO. PBO yenyewe si ya kuua mbu, kazi yake ni kuvifunga mikono vile vimeng'enya ili pareto ipite. Vilijaribiwa Muleba, Kagera, matokeo yakatoka 2018, na malaria ilipungua kuliko kwa chandarua cha kawaida.

Lakini kinachonifurahisha mimi ni cha Misungwi, Mwanza, kilichochapishwa 2022. Chandarua kile kina pareto pamoja na dawa nyingine, klofenapiri. Klofenapiri ikiingia kwa mbu bado haijawa sumu kali. Inageuzwa kuwa sumu na vimeng'enya vya mbu mwenyewe, vya jamii ileile anayotumia kuvunja pareto. Silaha yake ndiyo inayompikia sumu, kisha inamkata nguvu kwenye seli. Baada ya miaka miwili, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria kwenye vijiji vya chandarua cha kawaida walikuwa kama 46 kwa mia. Kwenye vijiji vya chandarua hiki, karibu 26.

#7 kijana_wa_bodaboda

Duh. Yaani mbu kajichimbia kaburi kwa jembe lake.

#8 MzeeWaSolo

Nesi, hiyo ya klofenapiri nitaiweka ukutani dukani. Swali: na hiyo mbu hawatachujwa nayo?

#9 Nesi wa Zamu

Watachujwa. Ndiyo maana hatutaki mkulima aanze kuipiga kwenye mchicha kando ya mto.

#10 BibiShambani

Mimi ni mwalimu mstaafu, nalima bustani Lushoto. Uzi mzuri, ila mleta uzi umezidisha. Umesema hakuna kuzoea. Kuzoea kupo! Miche ya kabichi ukiitoa kitaluni ghafla ukaipeleka juani, inalala. Ukiipunguzia maji kidogo kidogo wiki moja kabla, ukaiondolea kivuli taratibu, inasimama. Ni mche uleule, jeni zilezile, haukuchujwa na mtu. Umezoeshwa. Hilo utaliitaje?

#11 MzeeWaSolo

Shikamoo mwalimu. Umenikamata.

Ni kweli, kuna mambo mawili na mimi nimeyachanganya kwa hasira ya kaunta. Mche ukiona kiu, mizizi inapeleka ujumbe juu, vinyweleo vya majani vinafunga, jani linaongeza nta, seli zinakusanya sukari na chumvi za kushikilia maji. Hilo ni badiliko la mmoja, ndani ya maisha yake, na mbegu zake hazirithi ule ukakamavu. Hata mdudu anacho kidogo: kiluwiluwi anayekulia maji machafu ya mtaro anaweza kuwasha vimeng'enya vyake zaidi ya yule wa maji safi, na dawa ikija inamkuta yuko macho.

Badiliko la ukoo ni jingine. Hapo mmoja mmoja habadiliki, wanabadilika waliobaki. Ninachouza mimi dukani kinafanya hilo la pili. Kwa hiyo nasahihisha: kuzoea kupo, ila siyo kunakomaliza nyanya za Ilula.

#12 BibiShambani

Marahaba. Sasa umepata 8 kwa 10.

#13 Mwana wa Shela

Huku Lamu sisi twalia na mikoko, si nyanya. Lakini mkitaka kuona kiumbe kinavyoishi na sumu, njooni mulambe jani la mchu, mmoja katika hiyo mikoko. Si utani. Wakati wa jua kali lipinduwe jani uliangalie, kuna chembe nyeupe zang'ara. Lamba: chumvi tupu. Mchu huinywa chumvi na maji, kisha huipandisha juu na kuitoa jasho majanini. Mkoko wenyewe, ule wa miguu mingi, hauna mchezo huo. Wao huikataa chumvi mlangoni, mizizini, sehemu kubwa haiingii kabisa. Miti miwili yasimama maji mamoja, kila mmoja na ujanja wake.

Lakini mafuta ya meli yakija, ujanja wote wesha. Mchu hupumua kwa vile vijiti vinavyosimama matopeni kama penseli. Yakipakwa mafuta, mti wakosa pumzi. Mombasa, Port Reitz, mwaka 2005 meli ilimwaga, na mikoko ikafa. Chumvi mti umeishi nayo tangu kale na kale. Mafuta ni ya juzi.

#14 MzeeWaSolo

Mwana wa Shela, hapo kwenye "juzi" ndipo penye uzi wote. Muda. Kantangaze kizazi chake ni mwezi, anawahi. Mchu unachukua miaka kukua, hauwahi.

Na wanaowahi kuliko wote ni bakteria, maana wengine hugawanyika kwa dakika. Kaka yangu alikuwa Chunya kwenye dhahabu, anajua mambo ya karasha la kusaga mawe na kialo cha kuoshea mchanga. Wanachanganya mchanga na zebaki, wanakamua kwa kitambaa, wanachoma, dhahabu inabaki. Marudio, yaani mchanga uliobaki, yanatupwa, mvua inayapeleka mtoni. Watu wengi wanadhani zebaki ikishafika kwenye tope imelala.

Hailali. Kuna bakteria wenye jeni za kuigeuza zebaki iwe mvuke, ikawatoka mwilini na kupaa. Wanajiokoa wao, hewa ijue yenyewe. Jeni hizo mara nyingi zimebebwa kwenye plasmidi, vipande vya jeni ambavyo bakteria hupeana kama vijana wanavyorushiana video, na mara nyingine kipande hichohicho kimebeba pia usugu wa dawa za hospitali. Kwa hiyo tope lenye zebaki linaweza kuwachuja bakteria wasiosikia antibiotiki, na hakuna hata kidonge kimoja kilichomezwa hapo.

Kundi la pili linaishi ndani ya tope lisilo na hewa, wengi wao wale wa harufu ya mayai viza. Hawa wanaifunga zebaki na kipande cha kaboni na kuifanya zebaki methili. Jeni mbili za kazi hiyo zilitambuliwa mwaka 2013. Na zebaki methili ndiyo balaa: inaingia kwenye vijidudu vya majini, kisha dagaa, kisha samaki mkubwa, kila hatua inazidi kulimbikizana, hadi kwenye sahani. Minamata, Japani, ugonjwa ulipotangazwa mwaka 1956, watu walikuwa wamekula samaki wa ghuba yao tu.

Tope lilelile, sumu ileile. Mmoja anaipunguza, mwingine anaikoleza.

#15 Mkulima Halisi

Naondoa neno chai. Ila bado unanidai lita moja ya dawa feki hata kama si wewe uliyeniuzia.

#16 Mwana Lubum

Jambo yenu bote. Mi niko Lubumbashi, mutanisamehe Kiswahili yetu ya huku. Naona mumesema Katanga pale juu na hamuyafika, basi mi nitawafikisha.

Huku kuko bilima ya shaba, siye tunaitaka mukuba. Juu ya ile bilima miti mikubwa haikomeaka. Toka mbali unaonaka pori ya miombo imezunguka, katikati kichwa ya mulima iko wazi, majani tu na maua. Udongo iko na shaba mingi kabisa, mahindi ukipanda inakufa. Lakini kuko kaua kadogo ka rangi ya zambarau, bantu ba siyansi banakaita Haumaniastrum katangense. Kenyewe kanapenda pale. Bakubwa betu benye walikuwa banayeyusha mukuba, kitambo mbele ya Wazungu, baliacha mabaki ya tanuru mu pori. Sasa balimu ba arkeolojia banafwata ile kaua: fasi kanaota mingi mu udongo ya kawaida, banachimba, banakuta tanuru ya zamani.

Na upande ingine: kiwanda ya kuyeyusha shaba ya hapa Lubumbashi ilianza 1911. Upepo inapelekaka moshi upande moja, kwa Penga Penga. Pale miti iliisha, udongo ikabaki wazi. Balimu ba université bakapanda jani moja ya bilima ya shaba, Microchloa altera, sababu inavumilia. Ile jani haiondoe sumu, inashika tu udongo isiruke na upepo kuingia mu manyumba ya bantu.

Mambo inaniumiza ni hii: ile maua ilivumilia shaba miaka maelfu, na sasa mashini inakuja kuchimba mulima yote. Kuko mimea inaota mulima moja tu mu dunia muzima. Mulima ikienda, nayo imeenda.

#17 BibiShambani

Huyu apewe 10.

#18 MzeeWaSolo

Mwana Lubum, asante sana ndugu. Na kwa wakulima wa kahawa Kilimanjaro mnaosoma kimyakimya: mrututu mnaopiga kuzuia chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani ni shaba hiyohiyo. Shaba haiozi. Iliyopigwa enzi za babu bado iko chini ya mgomba wako, na kila msimu unaongeza juu yake.

Kwa wa nyanya: kabla hujanunua, soma namba ya kundi. Umepiga 3A kwenye kizazi hiki, kizazi kijacho nenda namba nyingine kabisa, 5 au 6 au 28, halafu usiigande nayo hiyo. Weka mitego ya harufu ya jike, chuma majani yaliyochimbwa uyafukie, mabaki ya shamba usiyaache yamesimama baada ya mavuno. Dozi ni ile ya kwenye kibandiko.

#19 MamaNyanya

Mzee, mimi ndiye wa chupa tatu. Mwanangu kanionyesha huu uzi, naona umenitangaza nchi nzima.

Nimetoka stoo sasa hivi na tochi. Zimebaki nne. Mbili ni 3A. Moja ni 6. Ya nne haina namba ya kundi, haina namba ya usajili, imeandikwa kwa herufi sizijui, alinipa jirani.

#20 MzeeWaSolo

Samahani mama. Ya 6 ndiyo uanze nayo, kipimo cha kibandiko, jioni nyuki wakishalala, na hesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Zile 3A ziweke hadi nikwambie. Hiyo ya nne usiifungue, usiimwage mfereji. Niletee dukani kesho, ikiwa imefungwa hivyohivyo.

#21 MamaNyanya

Nimekwishaifungua. Nilipiga mistari miwili wiki iliyopita.

#22 MzeeWaSolo

Ikawaje?

#23 MamaNyanya

Nyanya zimejikunja majani. Kantangaze yupo.

#24 MzeeWaSolo

Mistari hiyo miwili usivune, usimpe jirani, usilishe ng'ombe. Nakuja mwenyewe asubuhi.